Damu ya Muwati

Koti lilikuwa limetandazwa juu ya meza ya Mrakibu, mgongo ukiangalia dari. Inspekta Msaidizi Gekara aliinama akalichunguza tena kuanzia kola hadi pindo, mikono yake ameifunga nyuma.

"Umelitazama vya kutosha," Mrakibu alisema. "Daktari amepima. Ni damu ya mtu. Kesho kutwa Gichuki anapelekwa Nakuru mbele ya jaji. Kilichobaki ni sahihi yako tu."

"Doa liko mabegani na mgongoni, Bwana Mkubwa. Kifuani hakuna hata tone. Kwenye mikono hakuna."

"Kwa hiyo?"

"Mtu akimkata mwenzake kichwani kwa panga, damu humrukia mbele. Huyu ilimrukiaje mgongoni?"

"Pengine alimbeba."

"Kipkemoi hakubebwa. Alianguka ndani ya mfereji, akafia humo humo. Nyasi hazikuwa zimelala mahali pengine popote."

Mrakibu alikuwa Mwingereza asiyependa kupandisha sauti. Alipokasirika, alizidi kuwa mpole. Ulikuwa mwaka wa 1956, Hali ya Hatari iliyowalenga waasi wa Kikuyu ilikuwa haijaondolewa, na hapo Kericho kila mtu alishajua namna kesi hii ingeisha tangu siku ilipoanza. Marehemu Kipkemoi alikuwa Mkipsigis, karani wa mizani katika shamba la chai. Gichuki alikuwa Mkikuyu, mfanyabiashara wa magome ya miwati, miti ambayo maganda yake huuzwa kwa viwanda vya ngozi. Kipkemoi alikuwa amesema hadharani kwamba Wakikuyu wote warudishwe kwao. Kisha akakutwa amekufa chini ya miwati ile ile ambayo Gichuki alikuwa akiibandua. Nyapara wa shamba, Kiplangat, akaapa kwamba jioni hiyo alimwona Gichuki akitoka huko, koti lake jekundu kwa damu mbichi.

"Gekara," Mrakibu alisema kwa upole, "wewe ni Mkisii. Ugomvi huu si wako."

"Ndiyo maana ulinipa kazi hii, Bwana Mkubwa. Ulitaka mtu asiye na upande."

"Nilitaka mtu wa kuimaliza. Tia sahihi."

Gekara alisimama wima, akavaa kofia yake. "Sitii."

Mrakibu alilisukuma koti pembeni. "Una mpaka kesho saa sita mchana. Baada ya hapo nitatia mimi, na wewe utakwenda kulinda ng'ombe huko Chebunyo."

* * *

Gichuki alikuwa ameketi sakafuni mwa seli, miguu ameinyoosha. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja. Hakusimama.

"Kama umekuja kuniambia nikubali, rudi tu, Afande."

"Nani alikupiga?"

"Waulize watu wako. Walitaka niseme nilikula kiapo cha waasi, niseme nilimuua. Nikawaambia, kama ni kuninyonga ninyongeni, lakini hilo neno mtalisema nyinyi. Halitoki kwa mdomo yangu."

Gekara alichuchumaa mbele yake. "Doa la koti ni la nini?"

"Nimesema mpaka nimechoka. Ni maji ya magome. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, maganda yalikuwa yamelowa, na mimi mwenyewe nilibeba mizigo hadi kwa lori."

"Ulibeba begani?"

"Wewe ungebeba na nini? Meno?"

"Koti lilikuwa la zamani?"

"Jipya. Mke wangu Wakonyo alinishonea. Siku ile ndiyo nilivaa mara ya kwanza, na sijavaa tena, kwa sababu kesho yake alfajiri mlikuja mkanichukua nikiwa kitandani." Alitema mate pembeni. "Daktari anasema ni damu ya mtu. Basi huyo daktari akanionyeshe huo mti una mama na baba."

Nje ya kituo, mwanamke aliyejifunga shuka nyeusi alikuwa akimsubiri Gekara kando ya lango. Alikuwa Cherotich, mjane wa Kipkemoi. Askari walimwambia aende nyumbani, kesi imekwisha. Yeye aliketi juu ya jiwe akakataa kuondoka.

"Bwana Inspekta," alisema, akilitamka jina la Gichuki kwa lafudhi ya kwao, "ni kweli Kichuki atanyongwa?"

"Wanasema hivyo, mama. Hufurahi?"

"Nifurahi nini? Mimi nataka yule aliua bwana yangu. Sitaki yule mlipata karibu." Alikaza shuka shingoni. "Bwana yangu alikuwa na maneno mengi juu ya Wakikuyu, ni kweli. Lakini Kichuki hakuwa anamwogopa. Kiplangat ndiye alikuwa anamwogopa."

"Nyapara? Kwa nini?"

"Kiplangat alisogeza mpaka wa shamba ya baba yangu huko Soin. Baba alipokufa, bwana yangu pekee ndiye alibaki anajua mahali mawe ya mpaka yalikuwa. Baraza ya wazee ilikuwa imemwita aende aonyeshe. Hakufika hiyo siku."

"Uliwaambia askari?"

"Niliwaambia wote. Waliniuliza kama mimi nataka kumtetea Mkikuyu."

* * *

Gekara alikwenda kwenye miwati mchana ule akiwa na Wakonyo, mke wa Gichuki. Alitaka mtu wa kumwonyesha namna kazi inavyofanywa. Wakonyo alikuwa mwanamke mfupi mwenye hasira ya kimya. Alipiga shina kwa shoka dogo, akaingiza vidole kwenye ufa na kuvuta. Ganda lilibanduka kwa mlio kama wa nguo inayochanika, na upande wa ndani ulikuwa mweupe, umelowa.

"Hivi ndivyo mume wangu, Baba Charity, anafanya. Kisha anapanga, anafunga, anabeba."

Gekara alitoa mfukoni kitambaa kipya cheupe alichonunua dukani. Alikifunga kwenye mzigo mbichi wa magome, akauinua begani, akautembeza hadi barabarani na kurudi. Alipokifungua, kitambaa kilikuwa kimelowa maji hafifu, rangi ya mchanga mkavu. Alikunja uso. Doa hilo halikufanana hata kidogo na lile jekundu la koti.

"Una hakika koti lake lililowa haya?"

"Niliona akirudi nalo jioni. Lilikuwa hivyo hivyo, limelowa tu. Nikamwambia ameniharibia kazi yangu."

"Halikuwa jekundu?"

"Jioni hiyo? Hapana. Mimi hilo jekundu nililiona asubuhi, nyinyi mkilitoa nje mkiliinua juu watu waone. Kiplangat alikuwa hapo pia, amesimama nanyi."

Gekara alikunja kitambaa, akakitia ndani ya bahasha ya vielelezo, akaifunga kwa lakiri kama ilivyo kawaida.

* * *

Asubuhi iliyofuata aliipeleka bahasha ile kwenye maabara ya hospitali ya misheni. Daktari Marcella, Mgoa aliyesomea Bombay, ndiye aliyepima koti la Gichuki. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye nywele zilizobanwa nyuma, anayeongea haraka.

"Kielelezo kingine," Gekara alisema. "Naomba ukipime kama ulivyopima koti."

"Ni cha kesi ile ile?"

"Ile ile."

Marcella alivunja lakiri, akatoa kitambaa. Gekara aliyekuwa akisubiri mlangoni alisogea mbele bila kutaka. Kitambaa kilikuwa chekundu. Lile doa hafifu la jana lilikuwa limeiva likawa rangi ya damu iliyokauka.

"Kuna nini?" Marcella aliuliza.

"Hakuna. Endelea, Daktari."

Alikata kipande, akakiloweka kwenye maji ya chumvi hadi maji yakashika rangi. Kisha akachukua mrija mwembamba wa kioo, akatia chini seramu kutoka kwenye chupa ndogo, halafu juu yake akadondosha yale maji polepole yasichanganyike.

"Hii seramu inafanyaje kazi?" Gekara aliuliza.

"Sungura hudungwa damu ya mtu. Mwili wake hujifunza kuzikamata protini za mtu. Tunachukua majimaji ya damu ya sungura huyo. Yakikutana na damu ya mtu, yanaishika, na pale yanapokutana panatokea wingu jeupe." Aliinua mrija kwenye mwanga wa dirisha. "Kama hili."

Katikati ya mrija palikuwa na duara jeupe, zito kama ute wa yai.

"Damu ya mtu," Marcella alisema. "Hakuna shaka. Imetoka wapi?"

"Kwenye mti."

"Mti gani?"

"Muwati. Nilibandua ganda jana mchana, nikafunga hicho kitambaa juu yake. Kilitoka dukani, hakuna mtu aliyejikata. Hiyo, Daktari, ni damu ya muwati."

Marcella aliweka mrija chini. Masikio yake yalibadilika rangi. "Ulinitega."

"Ndiyo."

"Ungeweza kuniuliza tu!"

"Ningekuuliza, ungeniambia huna shaka. Umeniambia sasa hivi."

Kwa muda ilionekana kana kwamba angemfukuza. Badala yake alivuta kiti, akaketi, akautazama ule mrija bila kupepesa.

"Wewe uliweka nini kando ya koti, Daktari? Siku ile ya kwanza."

"Damu halisi ya mtu, kuona kama seramu ni nzima. Maji matupu ya chumvi, kuona kama ni safi. Vyote vilijibu sawasawa."

"Na koti lenyewe ulilijaribu kwa seramu isiyojua mtu?"

Marcella aliinuka, akafungua kabati, akatoa chupa nyingine mbili. Moja ilikuwa seramu ya sungura aliyefundishwa kuikamata damu ya ng'ombe. Ya pili ilikuwa ya sungura ambaye hakudungwa chochote. Alichukua pia kipande cha koti la Gichuki alichokuwa amekihifadhi. Alirudia kipimo kwa kila kimoja. Mrija wa ng'ombe ulitoa wingu. Mrija wa sungura asiyefundishwa kitu ulitoa wingu. Kitambaa na koti, vyote vilijibu namna moja.

"Kwa hesabu hii," Gekara alisema, "Kipkemoi alikuwa mtu na ng'ombe pamoja."

"Usicheke. Mtu angekufa." Sauti ya Marcella ilikwaruza. "Ni tanini. Ule ukakasi wa gome. Ukiutafuna unakausha ulimi, kwa sababu unazikamata protini za mate. Hauchagui. Unakamata protini yoyote, hata zile za seramu yangu mwenyewe. Ndiyo maana viwanda vinautumia kugeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu. Nilijua haya yote. Nilifundishwa. Lakini polisi waliniletea koti wakaniambia ni la muuaji, nami nikaona kile nilichoambiwa nitakiona."

"Koti halina damu kabisa?"

"Hilo siwezi kuapa. Ninachoweza kuapa ni kwamba kipimo changu hakikuona damu. Kiliona gome." Alivua koti lake jeupe, akalitundika ukutani. "Ripoti ile ina jina langu. Twende nikaiondoe."

"Mrakibu hatapenda."

"Yeye si mgonjwa wangu."

* * *

Mrakibu alikuwa akiletewa chai walipoingia. Juu ya sinia palikuwa na birika, kikombe, na jagi la maziwa ambayo hayajamiminwa. Alimsikiliza Marcella hadi mwisho, vidole vyake vikigonga meza taratibu.

"Daktari, hospitali yako inapata ruzuku ya serikali, sivyo?"

"Inapata."

"Na leo unataka kuiambia mahakama ya serikali kwamba hujui kazi yako."

"Nataka kuiambia kwamba nilikosea. Ninyi pia mngejaribu siku moja."

"Haya ni mambo ya vitabuni. Seramu ni seramu. Mti hauwezi kuwa mtu."

Marcella alifungua kisanduku alichobeba, akapanga mirija juu ya meza kando ya koti. Kisha akainua birika la Mrakibu, akamimina chai nyeusi kidogo ndani ya glasi, akaichuja kwa karatasi, akaipoza kwa maji baridi ya chumvi. Daktari alidondosha chai ile juu ya seramu, akampa Mrakibu ule mrija mkononi.

Wingu jeupe lilijikunja katikati ya kioo.

"Chai nayo ina tanini," Marcella alisema. "Kwa kipimo kile kile mnachotaka kumnyongea Gichuki, Bwana Mrakibu, kila asubuhi unakunywa damu ya mtu."

Gekara aliangalia ukuta, maana aliogopa midomo yake ingecheka.

Hatimaye Mrakibu aliweka mrija chini kwa uangalifu. "Vema. Koti tumelipoteza. Shahidi bado ninaye. Kiplangat aliona damu kwa macho yake, na macho hayana tanini."

"Naomba tumwite," Gekara alisema. "Hapa, mbele yako."

* * *

Kiplangat aliingia akiwa amevaa kabuti lake la unyapara, fimbo kwapani. Alimpigia Mrakibu saluti, akampita Gekara kwa macho.

"Rudia ulichoona jioni ile," Gekara alisema.

"Mimi nilisema kitambo. Nilikuwa barabarani. Nikaona Kichuki anatoka kwa miwati. Koti yake ilikuwa nyekundu hapa na hapa." Alishika mabega yake.

"Nyekundu kama hili?" Gekara alionyesha koti mezani.

"Hiyo hiyo."

"Unaweza kuapa?"

"Niliapa. Nitaapa tena."

Gekara alitoa vitambaa viwili. "Hivi vyote vimelowa maji ya magome, Bwana Mkubwa. Hiki ni cha leo. Wakonyo alikileta hapa langoni sasa hivi." Kilikuwa na doa la rangi ya mchanga, lisiloonekana vizuri. "Hiki ni cha jana mchana. Hakikuongezewa kitu. Kililala, kikawa chekundu chenyewe. Koti la Gichuki lilikuwa jipya siku ile. Jioni hiyo lilikuwa kama hiki cha kwanza. Hakuna mtu duniani angeliona jekundu kabla ya kesho yake, siku polisi walipolitoa nje."

Mrakibu alivivuta vitambaa karibu, akavigeuza. Kiplangat naye alivitazama, kisha akacheka kidogo.

"Mimi sijui mambo ya vitambaa. Ilikuwa damu. Ilikuwa mbichi, ilikuwa inang'aa."

"Kutoka barabarani?" Gekara aliuliza. "Miwati iko mbali na barabara, na jua lilikuwa linazama. Uliwezaje kujua ni mbichi?"

"Sikuwa mbali sana."

"Ulisema barabarani."

"Nilikuwa nimeteremka kidogo. Alinipita karibu, hapo kwa mfereji."

"Mfereji upi?"

"Si ni ule wa chini ya miwati?"

"Ulikuwa umesimama wapi? Ng'ambo?"

"Ndani. Nilikuwa nimeingia ndani asinione."

Alisema, kisha akasikia alichosema. Fimbo ilishuka taratibu kutoka kwapani.

"Mfereji ule ni mwembamba," Gekara alisema. "Ndimo tulimomkuta Kipkemoi, naye alikuwa ameujaza wote. Kama Gichuki alikuwa tayari amemuua na anatoka, Kipkemoi alikuwa miguuni pako. Hukupiga kelele. Ulikwenda nyumbani ukalala. Kama Kipkemoi alikuwa bado hajafa, basi mliobaki pale mlikuwa wewe na yeye. Chagua."

Kiplangat alimgeukia Mrakibu. "Bwana Mkubwa, ni nyinyi mlisema koti ina damu! Mimi nilisema vile mlikuwa mnasema!"

"Na mawe ya Soin?" Gekara aliuliza. "Hayo nayo ni sisi tuliyasogeza?"

Mrakibu aliinuka kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Uso wake haukuonyesha aibu wala shukrani. Aliita askari wawili, akawaambia wamchukue Kiplangat, na nyumba yake ipekuliwe kabla hajapata mtu wa kumtuma.

Baadaye, askari waliporudi na panga lililokuwa limefukiwa zizini, Marcella ndiye aliyelipokea. Aliomba aletewe pia udongo wa zizi lile, nyasi za paa lake na samadi ya ng'ombe wake, kila kitu kwenye bahasha yake, na akasema hatatamka neno mpaka amevipima vyote.

* * *

"Gichuki atoke kwa mlango wa nyuma," Mrakibu aliamuru. "Watu wamejaa nje. Na lori limpeleke moja kwa moja kwao Kiambu. Ni kwa usalama wake."

"Kwa kosa gani, Bwana Mkubwa?" Gekara aliuliza.

"Nimesema ni kwa usalama wake."

Gichuki alikuwa ameletwa, pingu tayari zimefunguliwa. Alikuwa akisugua vifundo vya mikono.

"Mimi sina nyumba Kiambu," alisema. "Baba yangu alikuja hapa kabla ya hii stesheni kujengwa. Nilizaliwa hapa, duka yangu iko hapa, mtoto yangu anasoma hapa. Mlinileta kwa mlango wa mbele, mikono imefungwa, watu wakinizomea. Hapo ndipo nitatoka."

"Ukipigwa mawe sitakuwa na la kufanya," Mrakibu alisema.

"Basi usifanye."

Mrakibu alimtazama Gekara, akingoja amri yake ifuatwe. Gekara alikwenda kwenye mlango wa mbele, akaufungua wote, akasimama kando.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wavunaji wa chai na vikapu vyao, wenye maduka, wazee kutoka vijijini. Kelele zilikatika Gichuki alipotokea. Uso wake uliovimba ulionekana vizuri juani. Wakonyo alipenya akaja akasimama upande wake wa kulia, naye hakuinamisha kichwa. Mtu fulani nyuma alianza kupiga mluzi.

Cherotich aliinuka pale langoni. Alipita katikati ya watu wake bila haraka, akafika ngazini, akasimama upande wa kushoto wa Gichuki. Alisema kwa Kikipsigis, kwa sauti iliyofika hadi barabarani, kwamba yeye ndiye mwenye maiti, na kwamba huyu siye anayemtafuta. Anayetaka kumpiga, aanze na yeye.

Mluzi ulikoma. Mzee mmoja wa mbele alivua kofia, akasogea pembeni, na waliokuwa nyuma yake wakasogea. Njia ikafunguka hadi lango, na wote watatu wakashuka ngazi.